Aliyepalilia Msitu: Onofre Casaus wa Ojo Seco, 1941–2017

Padre, wafiwa na majirani, marehemu Onofre Casaus alizaliwa hapa Ojo Seco tarehe 12 Juni 1941, mtoto wa tano wa mzee Fidencio na mama Petra, na historia yake inasomwa na shemeji yake Belarmino, mtunzaji wa makaburi haya, ambaye atatajwa humu kama mtu mwingine, kwa kuwa karatasi imeandikwa na mjane Eloisa, dada yake, na msomaji ameagizwa asibadilishe hata nukta.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia Septemba 1947 hadi Mei 1955, akaacha kwa hiari yake na kwa furaha ya mwalimu.

Mwaka 1959 aliajiriwa kwenye matrekta mawili yaliyokokota mnyororo mzito kung'oa misonobari na mitarakwa ili ng'ombe wapate nyasi, kazi aliyoifanya kwa bidii na kuiungama kila Kwaresima maisha yake yote. Tarehe 4 Machi 1963 alihamia kwa watafiti wa mimea, wakamkabidhi kiwanja kimoja mlimani ahesabu miche ya msonobari iliyoota humo, arobaini na minne.

Tarehe 14 Mei 1966 marehemu alisikia kwamba kesho yake sanamu ya Mtakatifu Isidro, ambayo kila mwaka tunaitembeza mashambani ibariki mazao, ingepandishwa hadi mlimani, na kwamba Eloisa angekuwa miongoni mwa wabebaji, basi akaona aibu mtakatifu na binti yule wakute magugu, akang'oa kiwanjani mwake vichaka vya chamiso, vile vya majani ya kijivu vinavyonukia mvua ikinyesha, akapalilia msitu kama shamba la maharage. Eloisa alipofika alisema, "Umepalilia msitu? Basi kesho ukafagie na mawingu."

Kufikia Julai jua lilikuwa limekausha miche arobaini na mitatu, ukabaki mmoja tu, chini ya kichaka alichokiacha kwa sababu ndimo alimoning'iniza chapati zake zisiliwe na panya. Alilia kweli kweli, kisha akaelewa kwamba chamiso ni yaya wa msonobari, huukinga na jua na kuutunzia unyevu mpaka ujiweze, na tangu siku hiyo hakupalilia tena kitu chochote, hata bustani ya mkewe.

Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1967, wakajaliwa Delfina, Cosme na Ramona, ambao vimo vyao viliandikwa katika daftari lile lile alimoandika kimo cha mche, Cosme akiandikiwa, "Sentimita 71, kivuli cha kutosha."

Belarmino alimtania miaka hamsini, akisema, "Shemeji, mti haulelewi na magugu," naye akajibiwa, "Wewe na dada yako mlilelewa na shangazi Nieves aliyenuka tumbaku, mbona mmekua?" Mti ulizaa kwa mara ya kwanza Septemba 1998, kokwa saba, sita akampa mkewe, ya saba akampa Belarmino, aliyeitafuna na kusema ni ya kawaida, ingawa Eloisa alimwona akigeuka kufuta macho.

Marehemu aliugua moyo kuanzia Novemba 2016, akafariki nyumbani tarehe 3 Septemba 2017, saa nne asubuhi, baada ya kuomba jambo moja, azikwe pembeni mwa makaburi haya, kule penye chamiso, na kokwa za mti wake zipandwe chini ya kichaka hicho. Tatizo ni kwamba kila mwaka, kabla ya Siku ya Marehemu Wote, Belarmino hulima makaburi haya kwa jembe hadi yang'ae kama sahani, na hajawahi kusamehe hata jani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta maharage na pilipili, na watafiti waliokuja na daftari lake. Kuhusu chamiso, Belarmino atajibu mwenyewe, hapa, mbele yenu.

Karatasi imeishia hapo.

Ile kokwa, shemeji, haikuwa ya kawaida. Nilidanganya. Dada, jembe hili hapa, lichukue, ulifungie ndani, na ufunguo usinipe hata nikikuomba kwa magoti. Na wewe, Onofre, pumzika kwa amani, yaya wako yupo, hakuna atakayemgusa.