Damu Niliyoibeba Badala ya Kuipima

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Mnivumilie nikisita. Haya sijawahi kuyasema mbele ya watu, na mke wangu ameketi pale.

Wengi mlinijua hapa Houston miaka ya tisini kwa jina la Daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa mpimaji wa maabara, kutwa niko kwenye hadubini nahesabu chembe za damu. Lakini mliponiita hivyo kwenye harusi na misiba, sikuwasahihisha. Nilikuwa naona raha.

Basi, meneja wa maabara akatuita. Akasema mishahara yetu ndiyo inayomaliza pesa pale, kuliko hata dawa na vifaa. Ikaletwa mashine. Kazi tuliyoifanya asubuhi nzima, yenyewe inamaliza hujanywa chai. Wakaanza kutupunguza, kidogo kidogo. Vipimo vingine wakavihamishia maabara kubwa ya Dallas. Nami nikaitwa, nikaambiwa asante.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Nilichofanya ni kuacha kuja kwenu. Simu ikilia, namwambia mke wangu, "Sema niko kazini."

Akanijibu mara moja tu: "Nitasema. Lakini wewe utaniangaliaje?"

Sikumwangalia.

Kazi niliyopata ni ya udereva: kuzungukia kliniki za miji ya jirani hapa, Stafford na Missouri City, kukusanya vichupa vya damu, kuvipeleka Dallas vikapimwe na wengine. Nilivaa kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi.

Siku moja naingia kliniki, kumbe mama mmoja wa ushirika huu, Mkongomani, amekaa pale na pamba mkononi, ndiyo kwanza ametolewa damu. Akanyanyuka kwa furaha, watu wote wanasikia.

"Docteur! Ni weye mwenyewe unakuja kukamata damu yangu? Sasa sina tena woga."

Alikuwa anahofia ugonjwa mbaya. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kutabasamu nikatoka, lakini yule mama alikuwa ananitegemea kwa kitu ambacho sina. Nikavua kofia.

"Mama, mimi si daktari. Hata zamani sikuwa. Nilipunguzwa kazi maabara. Sasa ni dereva."

Akanitazama. "Njo maana ulipotea? Miye nilizani tulikukosea."

Yaliniuma hayo kuliko ya meneja.

Jumapili ile nikarudi hapa kanisani. Mume wa yule mama akanisogezea kiti. Ndugu mwingine wa Cedar Hill, kule karibu na Dallas, mfanyakazi wa hospitali, akanitafutia nafasi ya kujifunza kuendesha mashine zilezile zilizonitoa. Leo niko maabara tena, kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani, chini ya binti anayenizidi ujuzi. Na yule mama, Mungu ni mwema, vipimo vilitoka salama.

Msidhani aibu imekwisha. Leo nimezunguka jengo hili kabla ya kuthubutu kuingia.

Mama, unajijua, asante. Ndugu wa Cedar Hill, asante. Mke wangu, uliyeubeba uongo wangu kwenye simu, nisamehe mbele ya hawa.

Na wewe uliyepunguzwa kazi ukanyamaza: kujificha hakukulindi, kunatunyima sisi nafasi ya kukushika mkono. Tukimaliza sala usiondoke haraka. Mimi nitakuwa pale mlangoni.