Askari Hawajaambiwa Vita Vimekwisha

Benchi letu liko nje kwa Kinyozi, na pembe ya karibu na mlango ni ya Sindano, fundi cherehani. Miaka yote tulidhani anapenda kivuli. Siku hiyo, kahawa ikiwa bado ya moto, katamka kwamba harusini kwa binti yake haendi, tumbo lake halimwamini tena. Nilikereka, maana suti ya shughuli kajishonea mwenyewe.

— Si umetoka hospitali? — akauliza Kinyozi.

— Vipimo vyote safi. Ila daktari anasema tumbo lina askari wake, ile kinga ya mwili. Nilipoharisha vibaya kipindi kile, waliwatimua wadudu. Sasa huenda wengine bado wako macho, wanachokoza mishipa ya fahamu. Gesi kidogo tu, utumbo unadhani umevamiwa.

— Kumbe vita vimekwisha, wao hawana habari! — akadakia Spana, fundi baiskeli. — Kunywa maji ya uvuguvugu, wasinzie.

— Maji wapi! — Huyo Redio, hajawahi kukosa jibu. — Weka simu kitovuni, wapigie wimbo wa kubembeleza mtoto.

— Mpandisheni cheo mkubwa wao, — akasema Kinyozi. — Akipata ofisi na kiti cha kuzunguka, hapigani tena!

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Sindano naye akacheka, kisha akajishika tumbo.

— Chekeni tu. Baba wa bibi harusi anakaa mbele kabisa. Nikibanwa, napita wapi mbele ya watu wote wale? Na nikiliwaza hilo tu, askari hao wanaamka.

Roho iliniuma.

— Shikamooni.

Binti yake alikuwa nyuma yetu, suti ya baba yake mkononi. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, kwani nani amesema lazima ukae mbele?

Redio akasogea, akampisha nafasi benchini. Mimi nikachungulia kikombe changu kitupu.

— Kaa karibu na mlango wa ukumbi, — akasema binti. — Choo kiko hapo hapo. Na mimi naingilia huo huo, utakuwa wa kwanza kuniona.

Sindano akainuka ghafla. Kinyozi, kwa mazoea, akamrushia ufunguo wa choo. Akaudaka, akamrudishia, akachukua suti kwa binti yake.

— Siendi huko. Nakwenda kuijaribu hii.