Fundi Peku na Muhuri Namba Saba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutafuta maji mahali yasipotakiwa, mwenzetu wa gereji ambaye sote tunamwita Fundi Peku atastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Meneja aliniomba mimi, karani wa dawati la dhamana, niandike wasifu wake kwa kijarida chetu: nusu ukurasa, uchangamshe, watu wacheke. Kuchekesha nitajaribu. Nusu ukurasa hautatosha, na anayestahili kuchekwa humu si yeye.

Alianza hapa kama mwosha magari. Wiki yake ya kwanza aliosha gari jipya la mkurugenzi, akakuta maji chini ya kiti. Mwingine angefuta akanyamaza. Yeye alikwenda kumgongea mkurugenzi mlango na kumweleza kwamba gari lake linavuja. Mkurugenzi alimfukuza ofisini, akisema muoshaji ndiye aliyeacha mlango wazi. Mvua iliponyesha siku mbili baadaye, gari likiwa limefungwa kila upande, mkurugenzi aliingiza mguu wenye soksi ya hariri kwenye kidimbwi. Mwezi huohuo muoshaji alihamishiwa gereji, na tangu hapo gari lolote linaloingiza maji ni lake.

Jina la Peku lilitokana na namna yake ya kazi. Hutoa zulia, hutandaza magazeti ya zamani sakafuni na kupaka unga wa chaki kwenye raba za milango. Kisha huvua viatu na soksi, huingia ndani na kujifungia. Nje mwenzake humwaga maji kwa mpira, akianzia chini: dakika kumi kwenye kizingiti, dakika kumi mlangoni, dakika kumi kwenye kioo, na paa mwisho kabisa. Ukianza na paa, maji huteremka kote na hutajua yameingilia wapi. Muda wote huo yeye amekaa kimya, tochi mdomoni, miguu mitupu juu ya magazeti, anasubiri kidole kimoja kihisi baridi. Tone likidondoka, hugonga kioo mara moja na maji hufungwa. Wateja wenye haraka aliwajibu kwa upole kwamba maji yenyewe hayana haraka, sisi tukimbilie wapi.

Halafu kuna ule muhuri. Kila fundi ana muhuri mdogo wa raba wenye namba yake, na fomu ya jaribio la maji isiyo na muhuri haiendi kiwandani. Mafundi wengine huiacha mihuri yao kwenye droo yangu. Yeye huvaa wake, namba saba, shingoni, kwa kamba ya kiatu. Wakati wa chai tumemwita bahili wa wino. Tumemuuliza kama anaoga nao, na kama shemeji, mke wake, haoni wivu. Hucheka pamoja nasi. Nami nimecheka, miaka tisa sasa, ilhali kati yetu wote ni mimi na yeye tu tuliojua kamba ile ilifikaje pale. Naona haya hata kuandika sentensi hii.

Miaka tisa iliyopita, mkunga mmoja alileta gari lake lenye umri wa miezi minane. Kila mvua ikinyesha, maji yalijaa upande wa abiria. Abiria mwenyewe alikuwa mama yake mzazi, mgonjwa, aliyekuwa akipelekwa hospitali mara tatu kwa wiki huku miguu yake imefungwa mifuko ya plastiki. Siku ile Fundi Peku hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumzika kaka yake. Aliniachia muhuri wake kwenye droo, kama wenzake. Ilikuwa Ijumaa jioni, nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio ya kazi, na fomu ilitakiwa itoke siku hiyohiyo. Nilipaswa kumwambia mkunga arudi Jumatatu. Badala yake nilikaa nikaandika: "Gari limejaribiwa kwa maji. Halivuji. Mteja aliacha dirisha wazi." Nikafungua droo, nikapiga muhuri namba saba. Gari lile halikuguswa hata na ndoo moja.

Kwa fomu hiyo kiwanda kilikataa kulitengeneza, kwa kuwa dhamana hailipii uzembe wa mwenye gari. Mkunga alirudi mara ya pili, nikamsomea maandishi yangu mwenyewe kama kwamba ni sheria. Mara ya tatu alikuja na mkaguzi wa kiwanda. Njia ya mwongo fupi: mpira ulifunguliwa mbele ya watu wote, na haikupita robo saa kabla maji hayajaonekana. Meneja wa wakati ule akaleta fomu, akamwonyesha Fundi Peku na kumuuliza kama huo ni muhuri wake.

Aliisoma yote. Mwandiko wangu anaujua. Ndiye aliyekuwa akinitania kwamba naandika kama kuku anayekimbizwa. Akainua macho akanitazama, nami nimeshika faili kifuani, mke wangu ana mimba ya miezi saba na fundi analijua hilo. Kisha akajibu: "Muhuri ni wangu, bosi."

Hakusema uongo. Mimi pia sikusema uongo, kwa kuwa sikusema kitu. Mkunga alimwita mtu mzima ovyo, mbele ya vijana aliowafundisha kazi, naye akamwomba radhi. Halafu akavua viatu, akaingia ndani ya gari. Chini ya kioo cha mbele, kwenye kona iliyofichwa na waipa, alikuta gundi ya kiwandani imeruka sehemu isiyozidi punje ya mchele. Aliisafisha, akapaka gundi mpya, akakausha sakafu, akaagiza zulia jipya kwa dhamana, na siku ya kuchukua gari akamshika mkono yule mama mgonjwa na kumkalisha mwenyewe, bila mifuko miguuni.

Yeye alipata barua ya onyo. Mwezi ule alikuwa atangazwe msimamizi wa gereji, alitangazwa mwingine. Asubuhi iliyofuata alikuja kwenye dawati langu, akafungua droo, akachukua muhuri wake, akaondoka. Alipokuja kunywa chai, ulikuwa tayari shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kilichomla yeye kilikuwa kimekaa kwenye kiti hiki ninachoandikia.

Ningeendelea kunyamaza, nisijisifu. Lakini wiki iliyopita dada wa ofisi ya utumishi alininong'oneza nisitaje cheti cha utumishi safi katika wasifu huu, kwa sababu Fundi Peku hatapewa. Faili lake lina onyo. Miaka thelathini na mmoja, na angerudi nyumbani kwa mkewe na wanawe mikono mitupu kwa sababu ya muhuri nilioupiga mimi. 

Jumatatu nilimfuata gereji kumweleza nitakachoandika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, anavaa soksi. Nilieleza mengi, nikajikwaa, nikalia kidogo. Alimaliza mguu wa pili ndipo akasema: "Magari mengine huvuja dakika ya kumi, mwanangu. Wewe umechukua miaka tisa." Akafunga viatu vyake akaenda kunywa chai. Nilistahili makali zaidi ya hayo.

Basi naisahihisha fomu ile hapa, watu wote wasome: gari halikujaribiwa. Dirisha halikuachwa wazi. Muhuri ulipigwa na karani, bila ruhusa wala habari ya mwenye nao. Nimempigia mkunga simu nikamwambia hivyohivyo. Aliuliza sherehe ya kumuaga fundi ni saa ngapi. Meneja naye ameondoa barua ya onyo kwenye faili la Fundi Peku, na nyingine imeandikwa iwekwe kwenye langu. Cheti kimechapwa. Cheo cha usimamizi hakirudi, na hilo siwezi kulitengeneza.

Fundi, utaratibu unasema Ijumaa urudishe muhuri kwenye droo ya dawati la dhamana. Nimeomba, na meneja amekubali, uondoke nao. Asante kwa kazi, kwa subira, na kwa aibu uliyoibeba ilhali haikuwa yako. Sote hapa tunakuombea afya na siku nyingi za raha nyumbani, na popote utakapovua viatu, pawe pakavu.