Mikate ya Jumamosi ya Paskalina binti Kihwele

Padri, wazee wa ukoo, majirani, na ndugu zetu mliokuja kutoka Iringa, mimi ni Filemoni Kalinga, shemeji wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na sauti ikinikatika mnivumilie.

Paskalina binti Kihwele alizaliwa Kalenga tarehe 4 Aprili 1920, siku ya Pasaka, akasoma shule ya misheni Tosamaganga kuanzia 1930 hadi 1934, kisha akabaki jikoni kwa masista akajifunza kuoka mikate, mpaka tarehe 26 Oktoba 1940 alipofunga ndoa na kaka yangu Ambrosi, fundi mwashi. Mwaka 1946 walihamia hapa Mbeya, kaka akamjengea tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na Mungu akawajalia watoto wawili, Severina na Liberatus.

Mwaka 1951 shirika la mataifa la kupambana na nzige lilipoweka kambi bondeni, mbele ya Makongolosi, wafanyabiashara wa mjini walikimbilia kuwauzia mafuta ya taa na turubai, lakini Paskalina alisema wageni wale, popote watokako, wakikaa porini miezi mitatu watalilia mkate, akampa dereva wa lori lao mikate miwili awapelekee waonje, na Jumamosi iliyofuata lori likasimama mlangoni kwake. Watu walimcheka, jamani, na baadaye wengi wao wakaja kuuliza kama kambi inahitaji na mayai.

Tarehe 9 Machi 1955 kaka Ambrosi alifariki, na kama mila yetu inavyotaka, moto wote wa nyumbani ulizimwa mpaka matanga yalipoanuliwa, lori likapita Jumamosi likaondoka tupu, na wale mabwana wakala viazi wiki nzima. Mjane yule, na kitambaa cha msiba kichwani, alipanda lori hadi kambini kuomba radhi, bwana wa stoo akamrudishia kazi, ila akamwambia kwamba Jumamosi nyingine ikipita bila mkate, tenda inakwenda kwa mwingine. Mkate huo ndio uliowasomesha watoto wale, hawana shamba, hawana baba, hawana kingine chochote.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kukohoa, akalazwa hospitali tarehe 2 Juni kwa homa ya mapafu, na kila nilipomtembelea hakuulizia dawa, aliulizia unga, akaniapisha kwamba akifa tanuri lisizimwe. Alifariki jana, Alhamisi tarehe 12 Juni 1958, alfajiri, na mwili ulipofika nyumbani baba yetu mdogo, mzee Anania, alichukua ndoo ya maji akalimwagia tanuri, kwa mila, kwa heshima, na mimi niliyeapa nilisimama pale nikiangalia mvuke. Nimekata tamaa, ndugu zangu, simfichi mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupikia kwenu tangu jana, na dereva wa lori, aliyekuja kulia nasi, akatukumbusha kwa huruma kwamba kesho ni Jumamosi na atapita saa kumi na mbili asubuhi.

Nimewaona mkigeuka kumtafuta Severina hapa kaburini, na wengine mmeanza kunong'ona. Hayupo. Yuko nyumbani anakanda unga, nimemwachia kuni kavu na nimewasha moto kwa mkono wangu kabla hatujabeba jeneza, na tanuri bado limelowa, sijui kama litashika joto, sijui kama mikate itaumuka. Baba mdogo, hasira zako uziweke juu yangu, mtoto umwache, mama yake amemwaga machozi ya kutosha kwa ajili ya moto ule.

Shemeji, mwanao hakukuaga kwa udongo, anakuaga kwa unga. Pumzika kwa amani.