Meko ya Wangechi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Hiram Kihara. Alituacha Jumanne iliyopita nyumbani kwake, kule juu ya Njoro. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Wengi wenu mnamjua kwa miguu. Ndio, kwa miguu, kwa sababu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa miaka kumi na mmoja, Mzee Hiram aliwatembeza watu bondeni. Alichotaka ni uvae gambuti na uandike jina na namba ya simu kwenye kitabu chake. Ukija na raba nyeupe alikutazama tu, akakuacha matope yakufunze.

Njia yake ilishuka kutoka mashamba ya ngano, ikakata korongo kavu, ikafika laini. Laini, kwa nyinyi vijana, ni kijiji cha wafanyakazi wa shamba la mzungu. Zamani palikuwa na safu mbili za nyumba za udongo. Siku hizi pamebaki mawe ya meko, vichuguu vya jivu, na nyasi. Hiram alizaliwa pale. Mwaka wa sitini na nne shamba likauzwa, watu wakahama. Yeye alikuwa na miaka mitano tu.

Mama yake aliitwa Wangechi. Alifariki mwaka uliofuata, na hakuacha hata picha. Kwa hivyo Hiram alitaka kitu kimoja katika maisha yake: kujua nyumba ya mama ilisimama wapi. Alikumbuka kwamba akilala alikuwa anasikia mto. Basi akachagua meko yaliyo karibu kabisa na mto, akafyeka, akazungushia ua. Kila mgeni alifikishwa hapo. Mzee alivua kofia na kusema, "Hapa ndipo kwa mama yangu." Kisha aliwarudisha upande wa pili wa laini, kwenye mawe mazuri ya kukalia, wakanywa chai ya thamosi na mkate.

Machi mwaka huu akaja Mama Wariara kutoka Olenguruone, ana miaka sabini na miwili. Naye alikulia laini. Alisikiliza maelezo yote penye ua, kwa adabu. Halafu akauliza, huyu Wangechi ni yule wa moto?

Wasikilizaji, siku hizo kiberiti hakikuwa cha kila nyumba. Kuna mama aliyefunika moto wake kwa jivu usiku, na asubuhi majirani walituma watoto na kigae kuomba kaa la moto. Pale laini, mama huyo alikuwa Wangechi. Na mtoto aliyetumwa na kwao, kila asubuhi, alikuwa Wariara.

Abby, binti wa Mzee, alikuwepo. Anasema Mama Wariara hakubishana. Alitembea polepole na fimbo yake hadi kwa wageni waliokuwa wametangulia kwenye chai, akawaomba wainuke.

"Ni hapa," akasema. "Wewe hukukosea, Hiram. Ni mto ulihama. Ulikuwa unapita hapo kwa korongo kabla ya mafuriko."

Mzee akakaa kwenye nyasi, akalia mbele ya watu wote. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewakalisha watu juu ya meko ya mama yake.

"Wacha kulia," Mama Wariara akamwambia. "Wageni wako wote wamekula kwa Wangechi. Ulitaka awapokee aje?"

Maneno hayo yalimtuliza, lakini hayakumkalisha. Aliporudi nyumbani alifungua kile kitabu. Majina mia tatu na kumi na mawili. Akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, kuomba msamaha na kurekebisha. Wengine walimkatia wakidhani ni wale wakora wa simu. Alipiga tena.

Abby alimwambia, "Baba, watu washasahau."

Akamjibu, "Lakini ni mimi niliwaambia."

Jumatatu jioni alikuwa bado anapiga. Jumanne akatutoka.

Kwa Abby na jamaa yote ya Kihara, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, tujiulize: ni nani tulimwambia jambo kwa moyo safi, likaja kuwa si kweli, na tukanyamaza kwa kuona haya?

Abby ameniletea kitabu hapa studio. Mzee alitia alama kwa kila aliyempata. Wanne hawana alama, simu zao hazishiki. Nawasoma.

Omolo wa Nakuru. Shantel, uliyekuwa mwanafunzi Njoro. Muiruri wa Mau Narok. Nanyama, hukuandika unatoka wapi.

Mzee Hiram alikuwa anawatafuta. Nyumba si ile yenye ua. Ni pale mlipokunywa chai.