Mwalimu Breki: Dakika ya Mwisho Kwenye Usukani

Ndugu, jamaa na marafiki, Jumatano iliyopita asubuhi mzee huyu alikuwa mezani anabishana na mkewe kuhusu chumvi kwenye mayai. Leo tunamsomea wasifu. Kifo hakina hodi, tunajua, lakini kujua siyo kuzoea. Tumepigwa na butwaa, na hatuna haja ya kuficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa kuli wa stesheni na fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya mtaani hapo kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu umakanika mwaka 1975. Mkuu wa chuo alimwandikia kwenye ripoti: "Ana bidii, ila mbishi."

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mwalimu katika shule ya udereva iliyotazamana na soko la mbao, akafundisha pale miaka thelathini na sita. Gari la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia uliizoea mno. Akipewa lifti, alikanyaga sakafu. Akitazama mpira sebuleni na mshambuliaji akachomoka mbio, alikanyaga zulia. Ndiyo maana akaitwa Mwalimu Breki, na hata sisi wanawe tulimwita hivyo akiwa hayupo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na mwanafunzi wake, muuguzi aliyekuwa amefeli mtihani wa udereva mara tatu. "Nilikuwa nafeli makusudi," mama alituambia juzi, analia huku anacheka. "Ningefaulu, ningemwona wapi tena?"

Mwaka 2022 wanawe walimpa gari jipya, lenye kamera, vihisi na laini yake ya simu. Lilisoma mistari ya barabara, lilijifunga breki, na dereva akizidiwa lilijiegesha pembeni na kuomba msaada. Mzee aliliona tusi. Kila asubuhi, kabla hata ya kufunga mkanda, alibonyeza kitufe cha kuzima misaada yote hiyo. Kitindamimba wake, binti ambaye ni fundi wa umeme wa magari, alimsihi mpaka akachoka.

"Baba, usizime. Una presha, na unambeba mwanangu."

"Nimefundisha watu zaidi ya elfu mbili. Leo nifundishwe na redio?"

"Siyo redio, baba. Ni kompyuta."

"Basi ikafanye mtihani. Ikifaulu nitaipisha."

Presha yenyewe aligundulika nayo mwaka 2023. Dawa alimeza, ushauri hakumeza.

Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, saa moja na dakika kumi asubuhi, alimpakia mjukuu wake wa miaka sita kumpeleka shule kama kawaida. Saa moja na nusu simu ya binti huyo iliita gereji. Alipopokea, hakumsikia baba yake. Gari ndilo lililokuwa linapiga: dereva haitikii, gari limesimama kando ya barabara kuu karibu na ghala la saruji, huduma ya dharura imearifiwa. Alitupa spana, akakimbia. Alikuta malori yanapita kwa kasi, taa za tahadhari zinawaka, na mwanawe kiti cha nyuma, mkanda kifuani, hana hata mkwaruzo.

"Babu amelala," mtoto alisema. "Gari likajiegesha."

Daktari alithibitisha kwamba moyo ulikuwa umesimama.

Binti hakulala kwa kuwaza. Kama mzee alizima kila kitu, gari lilijuaje? Jana alifungua kumbukumbu za gari kwenye kompyuta ya gereji. Saa moja na dakika kumi na moja, misaada imezimwa. Saa moja na dakika ishirini na saba, imewashwa. Sekunde arobaini baadaye, mikono imeachia usukani. Katikati ya safari kitufe kile hakijiwashi. Mpaka mtu akibonyeze. Akamwita mwanawe taratibu, akamuuliza babu alifanya nini.

"Alishika kifua," mtoto akasema. "Akaniangalia kwenye kioo. Akabonyeza pale, akaliambia gari, 'Haya, mchukue wewe.'"

Binti alikaa chini sakafuni.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Wote watano wapo hapa, wazima.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Mtoto tunaye.