Chupa Haikumuua Mwalimu Liévin Banza

Imesemwa katika kilio hiki, chini ya turubai na hadi barabarani, kwamba Mwalimu Liévin Banza Kalenga aliuawa na pombe. Wengine wamemwita mlevi. Wengine wamesema rafiki yake, Papa Gérard Kabeya, alimtilia sumu kwenye chupa ya wiski, na baadhi ya ndugu wameomba asiguse sanduku la marehemu leo. Ndiyo maana mjane wake, Mama Germaine Numbi, ameandika wasifu huu, ili marehemu ashuke kaburini na jina lake safi.

Alizaliwa Kambove tarehe 11 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Papa Mathieu Banza, mfanyakazi wa mgodini, na Mama Albertine Ngosa. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri palepale Kambove, sekondari Likasi, kisha kemia katika chuo cha ualimu Lubumbashi, akamaliza mwaka 1979. Siku ya diploma baba yake, ambaye hakujua kusoma, alikuja na koti la mgodini lililopigwa pasi, akaketi mstari wa mbele kati ya wakubwa. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Alifundisha kemia miaka thelathini na minne katika shule za mji huu wa Lubumbashi. Alama zake zilikuwa ngumu: kumi na nne kwa ishirini, yaani kati ya alama ishirini, ilikuwa sherehe. Mwanafunzi mmoja alimlilia, "Prof, niongezee ata point moja, mama atanifukuza!" Akamjibu, "Basi mama akuje, nitamupatia yeye examen." Mama alikuja kweli. Pointi hakuipata, lakini mtoto alifundishwa jioni bila malipo mpaka akafaulu.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Germaine, mwalimu wa Kifaransa aliyefundisha naye shule moja. Nyumba yao ya mtaa wa Kamalondo haikujua kelele za ulevi. Majirani wa ukuta mmoja wako hapa, waulizwe.

Kuhusu wiski, ukweli ni huu. Mwaka 1992, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Likasi, Gérard Kabeya, mmoja wao, muuza vitambaa aliyesoma na marehemu, alifika kwenye mlango wa nyumba hiyo pamoja na mke na watoto. Walikaa humo miezi minne. Biashara yake iliposimama tena, alileta chupa ya wiski ya Uskoti, ile inayochanganywa kutoka mapipa mengi, iwe shukrani. Marehemu alikuwa akisahihisha mitihani. Alimimina kidogo, akanusa, akaongeza matone ya maji kwa pipeti ya maabara, akaonja. Kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi, akatangaza:

"Kumi na moja kwa ishirini."

"Kumi na moja? Zawadi yangu?" Gérard alishtuka. "We Liévin, uko na roho mubaya! Imetoka mbali ivi, ata voyage yake haina point moja?"

"Miye siko napima voyage. Niko napima kinywaji. Ikuje mu deuxième session."

Yaani chupa ilipewa mtihani wa marudio, kama mwanafunzi mvivu. Ilirudi mwezi uliofuata, ikapata kumi na mbili.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, walionja pamoja kwenye baraza ya Gérard huko mtaa wa Golf. Harufu ilipewa alama kwa tano, ladha kwa kumi, na kile kinachobaki kooni kwa tano. Mmoja alisikia asali na ganda la chungwa. Mwenzake alisikia makaa yaliyonyeshewa mvua, nao wakabishana kama watoto. Kipimo cha vidole viwili kwa kila mtu, kisha chupa inafungwa. Mama Germaine alikaa nao mara nyingi na Fanta yake, na hakuna siku aliyomshika mume wake mkono ili afike nyumbani.

Mei 2024 madaktari waliona uvimbe wa saratani kwenye kongosho. Daktari aliueleza mbele ya ndugu wawili wa ukoo, na hao wawili wako hapa. Kuanzia Agosti marehemu hakumeza tena tone la pombe. Gérard alitaka kuacha zile Jumamosi. Marehemu alikataa: "Pua yangu haina ugonjwa." Basi Gérard akawa analeta chupa Kamalondo.

Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Februari mwaka huu. Marehemu alinusa kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Harufu, ine kwa tano. Ingine utahukumu we mwenyewe."

Gérard alionja, machozi yakamtoka.

"Usiililie, mon vieux. Corrige, tia point!"

"Kwa yote, kumi na saba."

"Unapendeleaka sana," marehemu alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Hiyo ndiyo chupa inayosemwa. Marehemu aliinusa tu. Aliyeinywa ni Gérard, naye amesimama pale, mzima.

Mwalimu Liévin alifariki nyumbani Jumanne tarehe 18 Februari 2025 alfajiri, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake ndani ya mkono wa mke wake.

Ameacha mjane, watoto Caleb, Léa na Fils, wajukuu saba, dada yake Brigitte, na rafiki yake Gérard. Mungu Baba ampokee katika utulivu wake.

Sanduku litabebwa na wanaume sita. Papa Gérard atashika upande wa kichwa, kulia. Mjane ndiye aliyempanga hapo, na asiyekubali abaki chini ya turubai. Mjane hatajibu swali lolote.